Breka Kubwa Nyumbani kwa Bi Hadija

Nimestaafu nikiwa na vidole vyote kumi, na kwa fundi umeme hilo si jambo dogo. Siku mliponiaga pale karakanani, vijana wangu, kwa soda na keki, mliniomba niseme neno. Nilisimama, nikawatazama, nikashindwa, nikasema asanteni nikakaa. Nilichotaka kusema kisingefaa kwenye sherehe. Nilitaka kuwaambia kwamba kazi hii nimeifanya kwa hofu tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, na kwamba sasa nimepata hofu nyingine, kwa sababu kila nikipita mitaani hapa Songea naona majiko ya umeme yanashushwa kwenye maguta. Watu wanaacha mkaa. Ni jambo jema, nami nafurahi kwa ajili ya macho na vifua vya akina mama. Lakini jiko lile si redio. Basi nimekaa mezani niandike yaliyonishinda siku ile. Ya vyeo na mishahara nayaacha. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua.

Mnaniita Mama Skola, na wengine nadhani hamjui kwamba jina langu kamili ni Skolastika Komba. Niliingia karakana ya Majengo nikiwa msichana mwenye cheti kipya cha ufundi na viatu vya kuazima. Fundi mkuu alikuwa Mzee Ngonyani, mtu mfupi, mkimya, ambaye kiganja chake cha kushoto kilikuwa kimekunjamana kama utando wa maziwa. Hakuwahi kutuambia kilichompata, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

"Shikamoo, mzee," nilimsalimu asubuhi ile.

"Marahaba, mwanangu. Unaogopa umeme?"

Nilidhani ni mtihani. Nilikuwa mwanamke peke yangu pale, na mafundi wengine walikuwa wamesimamisha kazi ili wasikie nitakavyojibu. "Hapana, mzee. Nimeusomea."

"Basi rudi nyumbani."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nilirudi Bombambili kwa miguu, nikilia njia nzima, na kesho yake nikaja tena kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kwenda.

"Naogopa, mzee," nilimwambia.

"Unaogopa nini?"

"Sijui."

"Hapo tunaweza kuanza," alisema, akanipa ufagio.

Kwa muda mrefu hakuniruhusu kushika kitu chenye moto, yaani kinachopita umeme. Alinifundisha kukaza skrubu. Mnaweza kucheka, lakini waya uliolegea kwenye skrubu huchemka, na ukichemka hulegea zaidi. Alinifundisha pia kutoiamini ile bisibisi yenye kitaa kidogo ambayo kila mmoja wenu anaiweka mfukoni. "Kikiwaka, umeme upo," alisema. "Kisipowaka, hakijakuambia kitu." Yeye alitumia taa ya majaribio, balbu yenye nyaya mbili ndefu. Kwanza anaigusisha mahali anapojua pana umeme, kisha mahali anapotaka kufanyia kazi, kisha anairudisha pale pa kwanza, kuhakikisha balbu haijaungua katikati ya kazi na kumdanganya. Nimefanya hivyo maisha yangu yote. Wateja walidhani nina wasiwasi wa kupita kiasi, na walikuwa sahihi.

Mzee Ngonyani alipochoka akarudi kwao Peramiho kulima, aliniachia ile taa na karakana. Miaka ikapita ya kufunga balbu, soketi, pampu za visima na mashine za kusaga. Majiko ya umeme yalikuwa ya nyumba chache za wakubwa. Halafu, miaka hii ya karibuni, yakaanza kuingia nyumba za kawaida, na ndipo Bi Hadija alipokuja karakanani.

Ni mama wa Bombambili, mtu wa Namtumbo kwa asili, na kazi yake ni kuoka keki na mikate ya shughuli. Kama mmehudhuria harusi au kipaimara mjini hapa, mmekula keki yake. Binti yake aliyeolewa Dar es Salaam alikuwa amemtumia jiko la pleti nne lenye oveni chini. Alikuja akiwa ameshika kiwiko chake kama mtu aliyeng'atwa na mdudu.

"Fundi, sufuria zinaniuma," alisema.

"Zinakuuma vipi, mama?"

"Nikishika, inanipiga kidogo. Nikivaa ndala hainipigi sana. Zamani breka ilikuwa inazimazima, shemeji yangu akaniwekea nyingine kubwa, sasa haizimi tena, alhamdulillahi. Imebaki hii ya kuumwa tu."

Nilimwita Gama, fundi mwenzangu, mtu mzima mwenye mabega ya kubebea magunia, tukaondoka saa ile ile. Gama aliniuliza tunakimbilia nini. Nilimwambia sufuria inayouma maana yake mwili wa jiko una umeme, na breka isiyozima tena baada ya kubadilishwa maana yake kuna waya mahali fulani unaoungua, na hakuna kitu cha kuukatia umeme.

Tulipofika, jiko lilikuwa linafanya kazi yote, kama alivyoliacha. Oveni ina keki mbili za harusi ya Jumamosi, pleti zote nne zina sufuria. Sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki, bado mbichi, na Bi Hadija alivua ndala mlangoni kwa heshima ya sakafu yake. Nilipiga kelele hadi akaruka.

"Vaa ndala! Usilishike jiko!"

Niliweka ncha moja ya kipimo cha volti kwenye mwili wa jiko na nyingine kwenye bomba la maji. Namba iliyotokea sikuitamka. Waya wa ethi, ule unaopeleka chini ardhini umeme uliopotea njia, ulikuwepo kwenye jiko, lakini ulikuwa umekatwa na kukunjwa nyuma kwa sababu nyumba haikuwa na mahali pa kuuchomeka. Gama akafungua sanduku la breka pale ukumbini. Akachungulia ndani, kisha akaniita.

"Dada Skola, njoo uone."

Breka ilikuwa ya ampia sitini na tatu. Waya uliotoka kwake kwenda kwenye jiko ulikuwa wa milimita mbili na nusu, waya wa soketi, ule wa kuchajia simu na kuwashia televisheni. Waya wa namna hiyo, ukiwa umefungiwa ndani ya paipu, ukiupitishia zaidi ya ampia ishirini na kitu unaanza kuumia, na jiko lile likiwaka lote linavuta thelathini na tano. Breka ya kwanza ilikuwa inazima kwa sababu ilikuwa inapiga yowe. Walichofanya ni kuinyamazisha.

Nilipeleka kiganja changu ukutani, pale paipu ilipozikwa. Ukuta ulikuwa na joto kama paji la uso la mtoto mwenye malaria.

"Mama, zima jiko. Zima kila kitu."

"Fundi, keki zitabonyea! Hazijaiva katikati!"

"Zima, mama. Nakuomba."

Alizima huku akinung'unika. Na katika kile kimya cha sufuria zilizoacha kutokota, sauti ya mwanaume ilitoka chumba cha jirani, sauti nzito, ya kujikongoja.

"Sa-ma-ki."

"Ni mume wangu," Bi Hadija alisema. "Mzee Issa. Alipata kiharusi mwaka jana, mwili umelala upande mmoja, na maneno yamebaki machache. Tangu juzi anataka samaki. Nimempikia mbasa, kakataa. Nimempikia dagaa wa Nyasa, kakataa. Anasema samaki tu, na analia."

Nyie vijana, sikilizeni hapa vizuri. Plastiki ngumu ya soketi, ya viungio na ya breka ikichemka kwa muda mrefu kabla ya kuwaka, haitoi harufu ya moshi. Mara nyingi inatoa harufu ya samaki. Mzee Ngonyani aliwahi kuninusisha kipande kilichoungua, na sijaisahau.

Niliuliza waya wa jiko umepita wapi. Bi Hadija akanyoosha kidole juu ya mlango wa chumba kile.

Niliingia bila kubisha hodi. Mzee Issa alikuwa amelala chali kitandani, mkono mmoja kifuani, na macho yake hayakunitazama mimi. Yalikuwa yanatazama dari. Nami nikatazama. Juu ya miguu yake, silingbodi ilikuwa na doa la rangi ya chai, lenye kiini cheusi katikati, na kile kiini kilikuwa kinapanuka polepole mbele ya macho yangu. Harufu ilikuwa imejaa chumba. Mkewe alikuwa ameizoea kwa kukaa siku nzima kwenye harufu za jikoni.

"Samaki," alisema tena, na safari hii akanitazama, na machozi yakamtoka.

"Nimesikia, mzee," nilimwambia. "Nimekuelewa."

Nilimwita Gama azime ile breka. Nilisikia kitufe kikishuka. Nikaenda na taa yangu kwenye sanduku, nikaigusisha upande wa waya wa jiko, na balbu ikawaka. Breka ilikuwa imeshuka kwa nje, lakini ndani vyuma vilikuwa vimeyeyuka vikashikana. Sijui kama mmewahi kuona kitu kilichozimwa ambacho hakijazimika. Gama akakimbilia meinswichi, swichi kuu ya nyumba nzima, sanduku la chuma la zamani, na mpini ukagoma.

"Umeganda!" alifoka.

"Achana nao kwanza! Tumtoe mzee!"

Mzee Issa alikuwa mtu mkubwa, na mtu aliyepooza ni mzito kuliko unavyodhani. Hatukujaribu kumwinua. Gama alishika godoro upande wa kichwa, mimi na Bi Hadija tukashika miguuni, tukaliburuta mpaka chini kisha kuelekea mlangoni. Bi Hadija alikuwa anasema "Ya Rabi, Ya Rabi" kwa kila pumzi. Godoro likakwama kwenye fremu ya mlango. Nililisukuma kwa bega. Nyuma yangu nikasikia mlio mdogo, kama karatasi inayopasuliwa, na kipande cha dari kikaanguka juu ya kitanda kitupu, na waya ukafuata, ukining'inia, unatoa cheche, na chaga za kitanda zikashika moto.

Tukatoka. Sijui godoro lilipitaje.

Majirani walikuwa wamesikia kelele, na walikuja jinsi majirani wanavyokuja, kila mmoja na ndoo ya maji. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku nyingine yoyote ya kazi yangu. Waya ule bado ulikuwa na umeme. Nilisimama mlangoni nimetandaza mikono.

"Maji hapana! Leteni mchanga!"

"Mama, nyumba inaungua!" kijana mmoja alinifokea usoni. "Toka!"

"Sitoki! Ukimwaga maji utakufa wewe kwanza!"

Alinishika mkono kunivuta. Wanawake walikuwa wanalia. Moshi ulikuwa unanitokea mgongoni, na nilijua kwamba nikikosea upande mmoja nyumba ya watu inateketea, na nikikosea upande wa pili tunazika kijana. Gama alikuwa bado ukumbini, ndani ya moshi huo huo, ananing'inia kwenye mpini wa meinswichi kwa uzito wake wote. Nilisikia chuma kikilia. Kisha nikamsikia akikohoa na kuita, "Imeshuka!"

Kila mtu alitaka kuingia. Sikuwaruhusu. Niliingia mimi, nikiwa nimeinama, nikaigusisha taa kwenye nyaya zinazotoka meinswichi. Haikuwaka. Nikaigusisha upande unaoingia kutoka kwenye mita. Ikawaka. Nikarudia zile zinazotoka. Haikuwaka. Huko nje walikuwa wananitukana.

"Sasa maji!" nilisema. "Mwageni!"

Kitanda kiliteketea, dari ya chumba kile yote, na kenchi mbili za paa zikabaki nyeusi hadi leo. Nyumba ilisimama. Yule kijana aliyenivuta mkono alikuja baadaye kuniomba radhi, nikamwonyesha ule waya uliokuwa unaning'inia. Gama alilazwa kwa ajili ya moshi aliovuta, akatoka, na mnamwona mpaka leo anavyokohoa akipanda ngazi.

Tulipoirudia nyumba ile kufunga upya, tulianza pale mnapopaswa kuanzia siku zote, yaani kwenye kibandiko kilicho nyuma ya jiko. Kiliandikwa kilowati nane. Gawanya kwa volti mia mbili thelathini, unapata zile ampia thelathini na tano. Vitabu vinaruhusu kupunguza hesabu hiyo, kwa sababu nyumba ya kawaida haiwashi pleti zote na oveni kwa pamoja muda mrefu, ndiyo maana nyumba nyingi zinatosheka na waya wa milimita sita na breka ya thelathini na mbili. Lakini hapo msifunge kitabu mkaanza kukata waya. Muulizeni mpishi anapikaje. Bi Hadija akiwa na shughuli anawasha vyote tangu asubuhi. Kwake tulipitisha waya wa milimita kumi na breka ya arobaini, baada ya watu wa shirika la umeme kuja kukagua kama laini inayoingia nyumbani inaweza kubeba mzigo huo. Waya hatukuupitisha darini, chini ya mabati yanayochemka mchana, tuliuzungusha ukuta wa nje kwenye paipu yake peke yake, bila kuuchangia na soketi yoyote. Swichi ya jiko tuliifunga ukutani pembeni, si juu ya pleti, ili mtu asilazimike kupitisha mkono juu ya moto kuizima. Tulichimbia nondo ya ethi mpaka kwenye udongo wenye unyevu, na tukafunga kile kifaa kinachokata umeme mara tu sehemu yake ndogo inapovujia kwenye mwili wa mtu. Na meinswichi mpya, bila shaka.

Breka hailindi jiko. Inalinda waya. Mzigo uwe chini ya breka, na breka iwe chini ya uwezo wa waya, na mteja akiwaambia breka inazimazima, msimletee kubwa. Tafuteni kinachoilalamisha.

Siku ya kuwasha, Bi Hadija alisimama uani, akakataa kuingia. Niliwasha mwenyewe, pleti zote na oveni, nikaegemeza kiganja ukutani, nikakaa hivyo mpaka mkono ukafa ganzi. Ukuta ulibaki wa baridi. Alikuja kuingia siku nyingine kabisa, akiwa amevaa mabuti ya mvua. Naye Mzee Issa, wiki chache baadaye, alisema tena "samaki." Walituita mbio, tukafika na ngazi na vipimo, tukapanda darini, tukashuka. Alikuwa anataka samaki.

Lakini kuna jambo lilinikosesha usingizi, na linanikosesha mpaka sasa. Nilimuuliza Bi Hadija nani alimfungia jiko mara ya kwanza. Alisema ni fundi mmoja wa kupita, mpole, mwenye haraka. Alikuja na rola nzima ya waya ule begani, na alipoondoka alisema rola imebaki ya kutosha, anaenda kumalizia kwenye nyumba nyingine.

"Nyumba gani, mama?"

"Sikumuuliza, fundi. Ningejuaje?"

Tuliitafuta, mimi na Gama. Tuliuliza madukani, kwa mabalozi wa nyumba kumi, msikitini na kanisani. Fundi mwenyewe alikuwa ameshahama mji. Nikastaafu bila kuipata. Tangu hapo imekuwa mazoea: nikikutana na mwanamke ninayemfahamu kidogo, baada ya salamu namuuliza anapikia nini. Najua wananicheka.

Wiki iliyopita nilikuwa sokoni Majengo, nachagua nyanya. Pembeni yangu mama mmoja alikuwa anamwambia muuzaji kwamba siku hizi hanunui mkaa.

"Unapikia nini, mwanangu?" nilimuuliza.

"Shikamoo, mama. Jiko la umeme, la pleti nne."

"Marahaba. Nani alikufungia?"

"Fundi tu mmoja, alikuwa anapita. Zuri, ila linasumbua kidogo, breka inazimazima. Mume wangu amesema kesho ananibadilishia, anaweka kubwa."

Nilimwambia aziache nyanya. Alidhani nimeugua, kwa jinsi nilivyomshika mkono, akaanza kuniuliza kama niketi. Nilimwomba anipeleke kwake sasa hivi, na sijui aliona nini usoni mwangu, lakini alinipeleka, karibu tunakimbia, mimi na umri huu.

Mume wake alikuwa sebuleni, anakunywa chai. Breka ilikuwa mezani mbele yake, bado imo kwenye kiboksi chake, na bisibisi iko pembeni. Aliinuka, akanisalimu kwa heshima, akanikaribisha kiti. Nilikaa, nikaichukua ile breka nikaiweka mapajani, nikaishika kwa mikono miwili, ndipo nikaitikia salamu na kumuuliza waya wa jiko lao umepita wapi.